Ngalawa yetu mmeigeuza jahazi, na nusu ya kosa ni langu

Mhariri, asalaam aleikum na pole na kazi.

Gazeti lenu la Jumamosi iliyopita, lile toleo la picha za kale mlizotuomba wasomaji tulete, mlitoa picha yangu ukurasa wa 14, yaani si yangu hasa, ni ya marehemu baba mdogo aliyekuwa na studio yake huku Ngamiani, mie ndo niliyeiskani na kuwatumia. Kwa kuitoa nashukuru, tena mmeitoa kubwa maana wenzangu wengine nimeona zao zimebanwa kama stempu. Ila chini yake mmeandika "Jahazi likiwa ufukweni Tanga, miaka ya 1970". Mhariri, lile sio jahazi. Ile ni ngalawa. Matengo yake yapo huku na huku yanaonekana wazi hata kwa asiyevaa miwani, gogo moja limechongwa, tanga limekunjwa, na watu wawili wamesimama nayo maji ya magoti. Bibi yangu kaliona gazeti kwa jirani kabla yangu, akanipigia simu asubuhi ile hata salamu hakunipa, kaniuliza "we mume wangu, tangu lini babu yako alikuwa na jahazi? Angekuwa na jahazi sie tungekuwa hapa?"

Sikuwa na jibu. Nikapiga simu kwenye chumba chenu cha habari, nikaunganishwa na kijana wa dawati la picha, kijana mstaarabu sana wallahi, akanambia kaka subiri nilifungue faili lako. Akalifungua akanisomea anachokiona yeye kwenye skrini yake: "Two fishermen with a dhow, Tanga". Basi, kakitafsiri. Dhow ukiitafutia Kiswahili unapata majina kadhaa unachagua mwenyewe, na yeye kanambia kakulia bara, ngalawa na jahazi ataziona tofauti wapi, kachagua lile linalosikika kubwa. Mie kimya. Maana hayo maneno ya Kizungu niliyaandika mwenyewe kwa vidole vyangu, na kibaya zaidi ndani ya faili hilohilo kuna maelezo ya Kiswahili mistari minne, ngalawa imetajwa, Sahare imetajwa, mwaka 1974 umetajwa, nani kasimama kulia na nani kushoto, yote yamo, programu yenu tu ndo haikuyaonyesha. Kwa hiyo ngalawa ya babu imetoka Sahare kwa Kiswahili, ikapita Kiingereza, ikarudi kwenye Kiswahili imeshakuwa jahazi.

Sasa siandiki kulalamika tu. Naandika kwa sababu najua huku mitaani watu wengi saivi wanaskani picha za wazee wao, mashuleni, misikitini, kwenye vyama vya ushirika, kila mtu na laptopu yake, na wengi wanafanya kosa nililofanya mimi, na nyie magazeti mnafanya la kwenu upande wa pili, yakikutana ndo hivi bibi anampigia mtu simu bila salamu.

Zamani picha ukiisafisha unaigeuza unaandika nyuma kwa kalamu. Picha ya kompyuta nayo ina mgongo wake, maandishi yako humohumo ndani ya faili, ila hii ina migongo mitatu na ndo fujo inapoanzia. Mgongo wa kwanza unaitwa EXIF, huu kamera yenyewe ndo inauandika, saa ngapi, lenzi gani, na kama ni simu basi na mahali ulipokuwa umesimama, una kisehemu cha maelezo lakini kilitungwa kwa herufi za ASCII, zile za Kiingereza tupu. Wa pili ni IPTC, huu walioutunga ni watu wa habari kwa ajili ya habari, mfumo wa mwaka 1991, ndo maana programu nyingi za vyumba vya habari zinaukimbilia huo kwanza. Kepsheni yake mwisho herufi 2000, ni nyingi tu zinatosha, tatizo ni kwamba kepsheni ni moja. Ukiweka Kiingereza umeweka Kiingereza, Kiswahili hakina pa kukaa. Wa tatu ni XMP, uliletwa na Adobe mwaka 2001, ikafika 2012 ukawa kiwango cha ISO, yaani cha kimataifa, na huo ndo wenye akili: kichwa cha picha, maelezo ya picha na haki miliki, kila kimoja kinabeba lugha nyingi utakavyo, kila lugha na kibandiko chake kidogo, sw kwa Kiswahili, en kwa Kiingereza, de kwa Kijerumani. Juu ya hizo kuna kibandiko kimoja kinaitwa x-default, hicho ndo cha mbele, programu isipojua ikuonyeshe lugha gani inakuonyesha hicho. Na programu zisizojua ndo nyingi.

Mie natumia exiftool. Ni programu ya bure, ya Mkanada mmoja anaitwa Phil Harvey, aliianza mwaka 2003, inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Haina vitufe wala picha za kubonyeza, unaandika amri kwenye lile dirisha jeusi, mke wangu akilikuta wazi usiku anadhani naiba benki. Lakini ukishaizoea huitaki nyingine. Kuandika maelezo ya Kiswahili ni mstari mmoja:

exiftool -XMP-dc:Description-sw="Ngalawa ya babu, Sahare, 1974" ngalawa.jpg

Na kutazama kilichomo ndani, chote, na kila kitu kimetoka mgongo gani:

exiftool -a -G1 -s ngalawa.jpg

Hilo -a usiliache, ukiliacha tagi, yaani vile visanduku vya maelezo, zenye jina moja inakuonyesha moja tu nyingine inazificha, na -G1 ndo inakwambia hii ni ya XMP hii ni ya IPTC. Laiti ningekuwa na tabia ya kutazama hivo tangu mwanzo, haya yanayofuata yasingenikuta.

Yalionikuta ni haya. Nilikaa na bibi miezi mitatu, kila baada ya alasiri, mie na laptopu yeye na kashata zake, picha moja baada ya nyingine, yeye anasema mie naandika humohumo kwenye faili kwa Kiswahili chake kama alivyosema, sikutumia daftari, nilijiona mjanja wa kisasa. Picha 212. Kuna ya arusi ambayo alitaja kanga zote za wanawake waliokuwa mstari wa mbele na kila kanga imeandikwa nini, sikumbuki hata mbili. Kazi ilipokwisha nikaona niongeze na Kiingereza ili na wageni waelewe, maana kuna Mjerumani mmoja anafuatilia habari za hii reli yetu iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 alikuwa anaomba picha za stesheni. Mpwa wangu anasoma chuo akanitafsiria, tukapanga kwenye jedwali la CSV, safu ya kwanza SourceFile yaani jina la faili, safu ya pili maelezo. Exiftool ina uwezo huo, unaipa jedwali inajaza picha zote kwa mkupuo. Na ile safu ya pili kichwa chake nikaandika XMP-dc:Description. Basi. Bila en mbele yake.

Nikabonyeza. Ikahesabu, ikasema kwa furaha zake "212 image files updated". Nikaenda kunywa chai.

Kumbe exiftool ina kanuni, na imeandikwa kabisa kwenye maelekezo yake mtu akisoma: ukiandika maelezo bila kusema ni ya lugha gani, inayaweka kwenye x-default na inafuta lugha nyingine zote zilizokuwepo kwenye hiyo tagi. Zote! Haikuulizi. Yaani kwake yeye kusema Description bila lugha maana yake "maelezo ni haya, ya nyuma tupa". Ukitaka kugusa x-default peke yake na nyingine zibaki lazima uandike wazi Description-x-default, na ukitaka Kiingereza kikae kando ya Kiswahili unaandika Description-en. Tofauti ni herufi mbili na kistari. Miezi mitatu ya bibi imeondoka kwa herufi mbili na kistari.

Mtu atasema si ilikuwa na bakapu. Ndiyo ilikuwa nayo, exiftool kwa kawaida yake kila ikibadilisha faili inabakisha la zamani pembeni na kulibandika _original mwishoni, na ukiharibu unaandika exiftool -restore_original na jina la folda mambo yanarudi. Ni ungwana mkubwa huo kwa programu ya bure. Ila mie diski yangu ilikuwa imejaa, skani zenyewe nzito, kila faili likawa mawili, nikaona zinanichafulia folda, nikaongeza -overwrite_original ambayo maana yake usibakishe kitu. Niliiongeza mwenyewe kwa hiari yangu. Kwa hiyo simlaumu Mkanada.

Sitini hivi ziliokoka maana shangazi wa Muheza nilikuwa nimempelekea kwenye flashi. Zilizobaki nikarudi kwa bibi, na hapo nikagundua jambo sikulitegemea. Mara ya pili hakusema yaleyale. Kuna picha ya kijana kasimama na baiskeli mbele ya nyumba, na sie Tanga kwa baiskeli mnatujua, mara ya kwanza nakumbuka bibi alisema huyu ni fulani na baiskeli yake mpya, hilo nalikumbuka kwa sababu alicheka. Mara ya pili kasema baiskeli si yake, kaazima kwa ajili ya picha, wenyewe walikuwa wanagombana nyuma ya kamera wamsubiri amalize. Nikamwambia lakini bibi juzi ulisema yake. Akasema "juzi hukuniuliza ya nani, uliniuliza huyu nani." Sasa maelezo ya picha hiyo ni marefu kuliko picha zote, nimeandika yote na tarehe ya siku aliyosema, herufi si za kununua. Kwa hiyo sitasema nimepoteza tu. Lakini zile kanga za arusi hakuzikumbuka tena, kasema mstari wa mbele kulikuwa na kelele.

Basi baada ya msiba huo nikarudisha Kiswahili kwenye Description-sw, Kiingereza kwenye Description-en, na nilipofika kwenye ule mgongo wa IPTC wenye nafasi moja, kwenye tagi inayoitwa Caption-Abstract, nikaweka Kiingereza. Kwa nini? Sijui hata. Nilijiambia huu ni mfumo wa kimataifa basi lugha ni ya kimataifa. Na x-default nayo nikaweka Kiingereza kwa mantiki hiyohiyo. Nikaituma kwa gazeti la Kiswahili, linalosomwa na Waswahili, kuhusu ngalawa ya Mswahili. Mnaona wenyewe.

Shemeji yangu anafanya kazi hotelini Pangani, yeye mpaka leo anashikilia kwamba x-default iwe Kiingereza, anasema Mswahili anajua kinachoonekana kwenye picha, asiyejua ni mgeni, basi wa kusaidiwa ni mgeni. Tumelibishania hili kwenye futari mpaka uji ukapoa. Mie namwambia mgeni en yake ipo palepale haijaondoka, programu yenye akili itampa, ila programu isiyo na akili inapobidi ionyeshe lugha moja bila kuuliza, ionyeshe ya mwenye picha. Halafu hiyo hoja ya kwamba Mswahili anajua, huyo kijana wenu wa dawati la picha ni Mswahili kama mie na jahazi kaandika. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha siku ya Kiswahili duniani, hotuba na ngonjera, na mie kwenye faili zangu mwenyewe nyumbani kwangu Kiswahili nilikiweka chumba cha uani.

Sasa nimegeuza. Kiswahili nakiweka mara mbili, kwenye sw na kwenye x-default, maneno yaleyale, maana sw peke yake programu nyingi haziitafuti, na x-default peke yake haisemi hii ni lugha gani. Kwenye IPTC ni Kiswahili pia. Atakayetaka Kiingereza aende XMP.

Jambo jingine ni herufi, na hapa Kiswahili kwa mara moja tuna bahati. Lugha yetu haina vidoti wala mikia, a mpaka z imetosha, kwa hiyo mfumo wowote wa herufi unaotumia hatuchafuki. Shida ikaja nilipoanza kuingiza zile postikadi za Wajerumani ambazo zina maneno yake yamechapwa chini. Moja imeandikwa "Straße in Tanga", nikaiandika kwenye dirisha la amri la Windows, kuja kuitazama naona "StraÃŸe". Nikadhani laptopu ina virusi. Kumbe ni herufi zimeandikwa kwa UTF-8, mfumo wa sasa unaobeba herufi za lugha zote, zikasomwa kwa mfumo wa zamani wa Ulaya. Na kuna picha za kina babu zimeandikwa nyuma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wanaandika wazee wetu wa pwani kabla ya shule, hizo ndo zikageuka alama za kuuliza mstari mzima, ????????, utadhani picha yenyewe inashangaa. Dawa yake ni kutoandika kwenye lile dirisha kabisa. Unafungua faili la maandishi la kawaida, unaandika amri zako humo, kila amri mstari wake, bila alama za kunukuu maana ukiziweka zinaingia kwenye maelezo, unalihifadhi kwa UTF-8, kisha unaiambia exiftool isome humo:

exiftool -@ maneno.txt postikadi.jpg

Tangu hapo sijaona tena alama za kuuliza. Na kwenye ule mgongo wa IPTC ongeza na -IPTC:CodedCharacterSet=UTF8, ndo inatangaza kwamba herufi ni hizo, bila tangazo hilo msomaji wa upande wa pili anabahatisha. Na kibandiko cha yale maandishi ya wazee sio sw tu, ni sw-Arab, yaani Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ipo inakubalika, nilifurahi siku nilipojua hilo kuliko siku niliyopata leseni ya kuendesha. Sasa picha moja ina Description-sw kwa herufi hizi na Description-sw-Arab kama alivyoandika babu, na wala sio lugha mbili.

Maneno ya kutafutia, yale mnayoita keywords, hayo ndo yamenishinda kuyapenda. Kwenye XMP yanakaa kwenye tagi ya Subject na hiyo ni gunia. Haina lugha. Maelezo yana vibandiko, kichwa kina vibandiko, gunia hapana, kila neno linatupwa humo na mwenzake. Kwa hiyo picha ya shamba la Muheza nimetupia mkonge, nimetupia katani kwa sababu mkonge ni mmea na katani ni ile nyuzi yake na anayetafuta moja si lazima anataka nyingine, halafu nimetupia na sisal, hilo Kiingereza na Kijerumani wanalichangia kwa hiyo angalau nimepumzika neno moja. Lakini vyombo vya bahari sasa! Mtumbwi, ngalawa, dau, mashua, jahazi, kila kimoja ni kitu chake, kina kazi yake na bei yake na heshima yake, unafika upande wa Kiingereza wote unawaandikia dhow isipokuwa mtumbwi. Nimeamua upande wa Kiingereza naandika ngalawa hivohivo kisha dhow baada yake. Akitaka kujua ngalawa ni nini aulize.

Halafu kuna jamaa atakayewaambia andika tu -lang sw mambo yawe Kiswahili. Msimsikilize. Hiyo -lang inabadilisha majina ya tagi yanavyoonekana kwenye skrini, haigusi maelezo yako hata kidogo, na ukiipa sw inakukatalia inakuletea orodha ya lugha inazozijua, Kijerumani kimo, Kituruki kimo, Kikorea kimo, sie hatumo. Mwenye muda akae atafsiri.

Sasa nirudi kwenu Mhariri. Ninachoomba ni kwamba mafundi wenu waiambie hiyo programu ya dawati la picha isome Description-sw kwanza kama ipo, isipokuwepo ndo ishuke kwenye x-default na hiyo Caption-Abstract, najua programu nyingine hazikubali lakini nyingine ni suala la kubadilisha mpangilio mara moja. Na kama haikubali basi mwekeni mtu mmoja pale apitishe picha zinazoingia kwenye exiftool, ule mstari wa -a -G1 -s niliouandika juu, sekunde mbili. Kingine ni wapiga picha wenu wenyewe. Nimepakua picha mbili tatu za kwenye mtandao wenu nikazitazama, ndani hamna kitu, mmezibana zipungue uzito na maelezo yote yamefutwa, jina la mpiga picha limefutwa, haki miliki imefutwa. Picha ya mkutano wa Handeni leo kila mtu anajua ni ya Handeni, ngojeni miaka 40. Mtu atakaa na bibi yake.

Na wasomaji mnaotuma picha gazetini: mkizituma kwenye hizi programu za meseji kama picha, zinabanwa na maelezo ya ndani yanaondolewa njiani, tumeni kama faili au kwa barua pepe. Yangu niliituma kwa barua pepe ndo maana angalau kosa langu lilifika salama.

Nimewatumia upya faili la ile picha leo asubuhi. Kiswahili kiko kwenye sw, kwenye x-default na kwenye Caption-Abstract, popote mtakapofungulia mtakikuta. Naomba mtoe masahihisho hata kama ni mistari miwili pembeni ya matangazo ya viwanja: ile ni ngalawa, iko Sahare, mwaka 1974, aliyesimama kulia na kofia ni babu, wa kushoto ni nduguye aliyekuja siku ile kuazima nyavu. Na kama mnayo nakala moja ya ziada ya gazeti hilo la masahihisho naomba mniwekee, bibi kasema lile la jirani hatalirudisha mpaka apate lake.

Ni mie msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga